Horizon: kompyuta ya kaunta iliyowapeleka jela mawakala wa posta Uingereza

Kama umewahi kukaa kaunta, iwe supamaketi, sheli, benki au kibanda cha wakala, shoti unaijua. Jioni unafunga hesabu, sistimu inasema droo inatakiwa iwe na laki nane na ishirini, wewe unahesabu mara ya tatu bado unapata laki saba na tisini, na hapo hapo swali linakuja kwako, elfu thelathini iko wapi. Hakuna anayeigeukia kompyuta kuuliza hiyo laki nane na ishirini imeipataje. Kisa cha Horizon nakirudia kila mara kwa sababu hiyo, ni kisa cha watu walioulizwa wao wakati iliyotakiwa kuulizwa ni mashine, na kimepita mahakamani mpaka tume ya uchunguzi kwahiyo mambo mengi ambayo kwetu huishia ofisini kwa meneja, huko yameandikwa wazi na kila mtu anaweza kuyasoma.

Tuanze na jinsi posta ya Uingereza inavyofanya kazi maana bila hapo hutaelewa. Shirika linaitwa Post Office, mali ya serikali, ila matawi yake mengi sana haliendeshi lenyewe, yanaendeshwa na mawakala. Mtu ananunua duka kijijini au mtaani, ndani yake kuna kaunta ya posta, anasaini mkataba, anauza stempu, analipa watu pensheni, anapokea bili, na upande wa pili wa duka anauza maziwa na magazeti. Kisheria sio mwajiriwa, ni mfanyabiashara anayejitegemea, lakini kila anachokifanya pale kaunta kimepangwa na shirika, fomu zao, bei zao, masaa yao, na kompyuta yao. Wengi waliweka akiba ya maisha yote kwenye hayo maduka na wanaishi ghorofani juu yake. Kulikuwa na familia nyingi za Kihindi pia, baadhi ni wale waliofika huko baada ya Idi Amin kuwafukuza Uganda 1972, wengine walitokea Kenya, na duka la mtaani lenye posta ndo lilikuwa njia ya kuanza upya.

Mwaka 1996 serikali na posta waliingia mkataba na kampuni ya ICL ambayo ilikuwa mikononi mwa Fujitsu ya Japani, watengeneze mfumo wa kadi za kulipia mafao ya ustawi wa jamii kupitia matawi ya posta. Mradi ukayumba, ukachelewa, na 1999 serikali ikaachana na ile kadi. Posta ikabaki na kompyuta. Yaani mfumo uliobuniwa kwa kazi moja ukageuzwa kuwa mfumo wa hesabu za matawi yote ya nchi nzima, ndo hiyo Horizon, na kuanzia 1999 wakaanza kuusimika tawi baada ya tawi.

Sasa mashine yenyewe, na hapa naomba mnivumilie maana ndipo penye kiini. Kila sehemu ya kaunta ilipewa kompyuta yake, skrini ya kugusa, kibodi, kifaa cha kusoma msimbopau na printa. Muamala ukifanyika unaandikwa kwanza kwenye diski ya kompyuta ile ile, halafu unakopiwa kwenda kompyuta nyingine za tawi hilo, halafu unapita kwenye laini ya simu kwenda vituo vikubwa vya data vilivyokuwa Bootle na Wigan. Programu iliyokuwa inasimamia huko kukopiana iliitwa Riposte. Ukiangalia kwa haraka ni ubunifu wenye akili, tawi la kijijini laini ikikatika mteja bado anahudumiwa, kumbukumbu zitasafiri baadaye. Lakini maana yake pia ni kwamba ukweli wa hesabu haukai sehemu moja, upo nakala nakala, na zile nakala zisipokubaliana lazima kuwe na njia ya kujua ipi ya kweli. Wakala pale kaunta hiyo njia hakuwa nayo.

Mfano upo. Tawi la Callendar Square kule Falkirk, Scotland, kompyuta moja iligoma kuona kilichoandikwa na kompyuta ya pembeni yake kwa sababu Riposte ilikuwa imejifunga. Ukihamisha pesa kutoka droo hii kwenda ile, kompyuta ya pili inapokea, kompyuta ya kwanza haina habari kwamba imeshapokelewa, inakupa nafasi ya kupokea tena. Pesa moja, hesabu mbili. Kasoro hii ilijulikana kwa watu wa Fujitsu tangu mwaka 2000 hivi na marekebisho yakaja kutoka 2006. Hiyo katikati matawi yalikuwa yanafunga hesabu kila wiki.

Mfano mwingine ndo naupenda zaidi kwa sababu unaweza kuuona kwa macho. Dalmellington, Scotland tena, 2015, mfumo ukiwa umeshaboreshwa kuwa Horizon ya mtandaoni. Huko kuna matawi ya kutembelea, wakala anabeba pesa kutoka tawi kubwa anaenda kuhudumia kijiji kisicho na posta, na pesa zinakaa kwenye mfuko wenye msimbopau. Akifika anaskani mfuko, sistimu inaonyesha pauni 8,000, anabonyeza Enter, inatakiwa ipokee mara moja, itoe risiti, ile skrini ifungwe. Siku hiyo skrini haikufungwa. Imeganda pale pale. Utafanya nini? Utabonyeza tena, kila mtu duniani angebonyeza tena. Ilibonyezwa mara 4, na kila bonyezo Horizon iliandika mfuko mpya wa pauni 8,000 umepokelewa, jumla 32,000, wakati mezani kuna 8,000. Shoti ya pauni 24,000 imezaliwa ndani ya dakika moja bila mtu kugusa hata noti. Bahati upande uliotuma pesa ulikuwa na kumbukumbu za 8,000 kwahiyo ikaonekana, na Fujitsu walipochimba wakakuta jambo hilo hilo limetokea mara 112 tangu 2010.

Sasa kasoro kama hizi kwa mtu wa kompyuta sio habari. Mfumo mkubwa wa namna hiyo kuwa na makosa ni kawaida kabisa, hakuna aliyetegemea miujiza, na kama kisa kingeishia hapo kisingekuwa na maana ya kukiandika. Kilichoua watu ni kanuni zilizowekwa kuizunguka ile mashine.

Kanuni ya kwanza ni mkataba. Ulisema wakala anawajibika kwa hasara iliyotokana na uzembe wake, kutokuwa makini au makosa yake. Soma vizuri hapo, imesema makosa yake. Post Office walivyokuwa wanautumia ni kwamba ikitokea hasara yoyote kwenye skrini basi ni yako, lipa, usipolipa thibitisha kwamba sio wewe. Maneno ya mkataba hayakusema hivyo, na 2019 Jaji Fraser wa Mahakama Kuu alikuja kuwaambia hivyo, ila hapo ilikuwa imeshapita miaka karibu 20 ya watu kulipa.

Kanuni ya pili iliingizwa ndani ya skrini yenyewe. Hapo mwanzo kulikuwa na sehemu ya kuweka upungufu unaobishaniwa pembeni, unaendelea na kazi wakati unachunguzwa. Mwaka 2005 ikaondolewa. Sasa ukifika mwisho wa mwezi unafunga hesabu, mashine inakuonyesha umepungukiwa, chaguzi zako ni kuziba pengo kwa pesa ya mfukoni mwako au kukubali upungufu uhamishiwe makao makuu kama deni lako. Kitufe cha kusema sikubaliani hakikuwepo. Kama ulitaka kubisha unapiga simu huduma kwa wateja, lakini kwenye mfumo umeshakubali. Na usipofunga hesabu huwezi kufungua tawi kesho yake asubuhi, wazee wa pensheni wamepanga foleni nje. Kwahiyo mtu anafanya nini, anaandika kwamba pesa zipo wakati hazipo, anafungua duka, anatumaini mwezi ujao kosa litajirekebisha lenyewe. Kwenye sheria ya Uingereza huko kuandika pesa ambazo hazipo ni kosa la jinai, kughushi hesabu. Mtu aliyebuni ile skrini, ajue asijue, alibuni mtego, unaingia ukiwa msafi unatoka na kosa.

Jo Hamilton alikuwa na duka na posta South Warnborough, kijiji cha Hampshire. Mwaka 2003 Horizon ikamwonyesha upungufu wa pauni 2,000 hivi. Akapiga simu, dada wa huduma kwa wateja akawa anamwelekeza bonyeza hapa, sasa bonyeza pale, na akiwa bado kwenye simu ile 2,000 ikageuka 4,000 mbele ya macho yake. Akaambiwa mkataba unasema unalipa. Akakopa kwa kuweka nyumba rehani, shoti zikaendelea kuja, mwishoni akashtakiwa kuiba pauni 36,000. Aliambiwa shitaka la wizi litafutwa akikiri kughushi hesabu na kulipa pesa, na asiilaumu Horizon. Akakiri, kwa sababu kukataa maana yake ni hatari ya kwenda jela. Kijiji kilimchangia. Wanakijiji walijua kitu ambacho shirika lenye wanasheria na wahasibu halikutaka kujua, kwamba yule mama sio mwizi.

Kuna sentensi moja ambayo mawakala wengi sana wamesema waliambiwa walipopiga simu: ni wewe peke yako mwenye shida hii. Nadhani hiyo ndo silaha kubwa iliyotumika kwenye hiki kisa kuliko hata mahakama. Mtu yuko dukani kwake peke yake, hana mwenzake wa kaunta ya pili wa kumuuliza na wewe ilikutokea, hana chama chenye nguvu, shirikisho lao lilikuwa upande wa Post Office. Ukiambiwa ni wewe tu unaanza kumshuku mume wako, mtoto wako, binti uliyemwajiri, unajishuku mwenyewe. Kuna watu walifukuza wafanyakazi wao bure.

Lee Castleton wa Bridlington hakukubali kunyamaza. Alinunua posta 2003, mwaka uliofuata shoti zikafika kama pauni 25,000, akapiga simu huduma kwa wateja mara 91 kuomba waje waangalie mashine. Mara 91, mwizi gani anapiga simu mara 91 kuita wakaguzi? Wakamshtaki kesi ya madai, wakili hana uwezo wa kumlipa, akasimama mwenyewe Mahakama Kuu, Januari 2007 akashindwa, gharama za kesi pekee alizotakiwa kulipa pauni 321,000. Akafilisika. Deni lenyewe elfu 25, gharama zaidi ya mara 12 yake, na ukisoma nyaraka zilizotoka baadaye lengo linaonekana, walitaka kesi ya mfano ili mawakala wengine wajue kubishana na Horizon kunagharimu nini.

Halafu Seema Misra wa West Byfleet, Surrey. Alihukumiwa 2010 kwa wizi wa pauni 74,000. Alipopewa miezi 15 jela alikuwa na mimba ya wiki 8, na ilikuwa siku ya kuzaliwa ya mtoto wake wa kwanza, anatimiza miaka 10. Kesi yake inaniuma zaidi ya zote kwa sababu ya kilichokuwa kinaendelea ofisini miezi ile ile. Watu wa Post Office na Fujitsu walikaa kikao kujadili kasoro nyingine mpya iliyoharibu hesabu za matawi kadhaa, ambapo wakala akibonyeza kufuta kwenye hatua fulani ya kufunga hesabu, upungufu unapotea kwenye skrini yake lakini unabaki kwenye hesabu za makao makuu. Kwenye maandishi ya kikao hicho waliandika kwamba mambo haya yakijulikana sana imani kwa Horizon itapungua na kesi zinazoendelea zinaweza kuathirika. Na moja ya njia za kurekebisha waliyoiorodhesha ilikuwa Fujitsu waingie wabadilishe namba kwenye hesabu za tawi, na wao wenyewe wakaandika kuwa hiyo inaweza kuibua maswali ya kuchezea mfumo. Na wakati huo mama mjamzito anahukumiwa kana kwamba hakuna mwingine anayeweza kugusa hesabu zake zaidi yake na watu wake.

Hili la kuingia kwa mbali lilikataliwa miaka na miaka. Post Office walisema bungeni, kwenye vyombo vya habari, kwa wachunguzi, kwamba haiwezekani mtu wa nje kubadilisha muamala wa tawi. Richard Roll, fundi aliyefanya kazi Fujitsu kule Bracknell 2001 hadi 2004, alijitokeza kwenye kipindi cha Panorama cha BBC mwaka 2015 akasema sisi tulikuwa tunaingia kila wakati, ndo ilikuwa kazi yetu. Mahakamani ikathibitika kwamba ndiyo, Fujitsu waliweza kuingiza miamala, na kwenye mfumo wa zamani wangeweza kuifanya ionekane kama imefanywa na wakala mwenyewe. Hapo fikiria vizuri, mkataba unasema kila kitu chini ya jina lako la kuingilia ni chako, na jina lako lina mlango wa nyuma ambao hujawahi kuambiwa upo.

Na kumbukumbu za kuthibitisha je? Ndani ya tawi wakala aliona rekodi za wiki chache tu. Rekodi kamili, kila bonyezo la kila kompyuta, zilikuwa kwa Fujitsu, na Post Office wenyewe kwa mkataba wao walikuwa na idadi ya maombi ya rekodi kwa mwaka, wakizidisha wanalipia. Kwahiyo mtu aliyebebeshwa mzigo wa kuthibitisha ndiye pekee ambaye hakuwa na karatasi, aliyekuwa na karatasi hakutakiwa kuthibitisha chochote, na aliyekuwa anadai pesa aliona ni gharama kuomba karatasi. Ukiniuliza kosa la Horizon liko wapi nitakuonyesha hapa kabla ya Riposte.

Mahakama nazo zilifunguliwa njia. Uingereza, sheria ya ushahidi ya 1984 ilikuwa inataka anayeleta ushahidi wa kompyuta aonyeshe kompyuta ilikuwa inafanya kazi vizuri. Mwaka 1999 bunge likaifuta kifungu hicho, ikabaki kwamba kompyuta inachukuliwa iko sawa mpaka mtu alete ushahidi kinyume. Mwaka huo huo Horizon inaanza kusambazwa. Halafu ongeza kwamba Post Office walikuwa wanashtaki wenyewe, sio polisi wala ofisi ya mashtaka ya serikali, maana huko taasisi inaweza kufungua kesi binafsi ya jinai. Anayedai ni yeye, mpelelezi ni wake, mwendesha mashtaka ni wake, mwenye mashine ni yeye na mkandarasi wake. Kati ya 1999 na 2015 watu kama 700 walitiwa hatiani kwa kesi za Post Office wenyewe, ukijumlisha na walioshtakiwa na wengine ikiwemo Scotland na Ireland ya Kaskazini wanapita 900. Posta ghafla imepata wezi 900 kwenye watu ambao ni wazee wa kanisa na wenyeviti wa vijiji, na hakuna bosi aliyesimama akauliza hii imekaaje.

Aliyeuliza ni Alan Bates, alikuwa na posta Craig-y-Don, Llandudno, Wales. Alikataa kulipa kitu asichoweza kukiona, akawa anaandika barua juu ya barua, 2003 wakamvunjia mkataba na fedha alizowekeza zikaenda. Mwaka 2009 gazeti la Computer Weekly likatoa visa vya mawakala 7, Novemba ya mwaka huo Bates akaitisha mkutano kwenye ukumbi wa kijiji cha Fenny Compton, na watu walioambiwa kila mmoja ni wewe peke yako wakakutana chumba kimoja. Kuanzia hapo ule uongo hauwezi tena kusimama, ilibaki muda tu, na muda wenyewe ukawa mrefu kikatili. Wahasibu wachunguzi wa Second Sight waliletwa 2012, wakaanza kuona matatizo, 2015 wakaondolewa. Julai 2013 wakili wa Post Office wenyewe aliwaandikia kwamba mtaalamu wa Fujitsu aliyetoa ushahidi kwenye kesi hakusema kasoro alizozijua, na Agosti akaandika tena baada ya kusikia kuna agizo kumbukumbu za vikao zichanwe. Barua zikakaa ofisini miaka. Wakati huo wapo waliohukumiwa hawajui.

Mwaka 2019 mawakala 555 wakashinda. Jaji Fraser aliandika kwamba Horizon ile ya mwanzo haikuwa imara hata kidogo, na msimamo wa Post Office aliufananisha na kung'ang'ania kuwa dunia ni bapa. Katikati ya kesi Post Office walijaribu hadi kumwondoa jaji, wakashindwa. Fidia pauni milioni 57.75, ila walioidhamini kesi na mawakili wakachukua sehemu kubwa, zikabaki kama milioni 12 za kugawana watu 555. Aprili 2021 Mahakama ya Rufaa ikafuta hukumu 39 kwa mpigo, Jo Hamilton na Seema Misra wakiwemo. Kisha Januari 2024 tamthilia ya televisheni ikawasha nchi nzima na mwezi Mei bunge likapitisha sheria ya kufuta hukumu zilizobaki kwa pamoja, jambo ambalo huko halijazoeleka kabisa. Mkurugenzi wa zamani wa Post Office, Paula Vennells, akavuliwa nishani, Bates akapewa heshima ya kuitwa Sir. Ripoti ya kwanza ya tume ya uchunguzi ya Sir Wyn Williams ilitoka Julai 2025, na ndani yake kuna namba ambayo mimi huwa nashindwa kuisoma kwa haraka, watu wasiopungua 13 waliojiua ambao familia zao zinasema ni kwa sababu ya Horizon. Fidia zilizolipwa zimeshapita pauni bilioni 1. Kile kifungu cha kompyuta kuchukuliwa iko sawa, Januari 2025 serikali ndo ilikuwa inakusanya maoni wakibadilishe vipi.

Sasa kwetu, maana nimekaa kaunta na nimeona wenzangu wanakatwa mshahara mwisho wa mwezi kwa karatasi iliyotoka kwenye printa bila maelezo yoyote, watu wanasaini tu kwa sababu wanaogopa kazi. Wengi hawajui sheria inasema nini. Tanzania, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kifungu cha 28, mwajiri hawezi kukukata kufidia hasara mpaka masharti yatimie: umekubali kwa maandishi, hasara imetokea ukiwa kazini na kwa kosa lako, amekuandikia sababu, kiasi na namna alivyopiga hesabu, na amekupa nafasi ya kupinga. Na hata hapo jumla ya makato haitakiwi kuzidi robo ya mshahara wako wa pesa taslimu. Kenya, Employment Act ya 2007 kifungu cha 19, shoti inakatwa kama imetokana na uzembe au kukosa uaminifu kwa mfanyakazi ambaye mkataba wake unamkabidhi kushika pesa. Zote mbili zinadai kosa liwepo. Skrini kuonyesha namba nyekundu sio kosa lako, ni namba, na unayo haki ya kuuliza imefikiwaje kabla hujasaini popote.

Tatizo ni wakala. Wale wa posta Uingereza hawakuwa waajiriwa ndo maana sheria za kazi hazikuwasaidia, kilichowahukumu ni mkataba. Wakala wa pesa wa simu au wa benki hapa kwetu yuko hapo hapo, ameweka floti yake, anatumia sistimu ya mtu, na sheria ya ajira haimhusu. Kwahiyo anayetaka kuanza uwakala, kabla ya kusaini ombeni mjibiwe kwa maandishi: rekodi zangu za miamala nitaziona za miezi mingapi nyuma, nikibisha muamala hela yangu inakaa wapi wakati mnachunguza, nani upande wenu anaweza kurekebisha akaunti yangu, na akiirekebisha itaonekana kwa jina la nani.